Nukta Thelathini na Moja

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na fimbo mbili, na kwa miaka mitatu aliyotufundisha hakumchapa mtu kwa hata moja. Moja aliiita fimbo ya kulala, nyingine ya kusimama. Alizipanga mchangani mbele ya darasa, zikakatana katikati kama msalaba, kisha akaokota kokoto na kuitupa popote.

"Haya, Monita," aliniambia, maana mimi ndiye niliyekuwa monita, "hiyo kokoto inakaa wapi?"

Jibu lilikuwa namba mbili tu: ya fimbo ya kulala kwanza, ya kusimama baadaye. Aliyeanza na ya kusimama aliulizwa, "Wewe uliamka kabla ya kulala? Ulikuwa mlinzi wapi?" Siku moja nilimwambia kwamba fimbo zote mbili zimelala chini, hakuna hata moja iliyosimama. Darasa likangoja nichapwe. Yeye aliziangalia fimbo zake kwa muda, akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha sukari nguru kilichofungwa kwenye gazeti, akanipa. "Umenikosoa," alisema. "Chukua."

Hivyo ndivyo nilivyompenda. Niseme mapema kwamba nimemchukia miaka mingi kuliko niliyompenda. Ngamia wa baba yangu waliuawa kwa sababu ya karatasi aliyoichora yeye, na katika watoto thelathini na mmoja waliokuwa kwenye karatasi ile, ni wa kwetu tu waliofuatwa. Nilitaka kujua kwa nini sisi. Nilikuja kujua nikiwa bibi mwenye wajukuu, na laiti nisingejua.

Alikuwa mtu wa milima ya juu, Mmeru, Mkristo wa kuimba. Isiolo yote ilikuwa ikichemka kwa jua na yeye akavaa sweta ya kijivu. Viatu alivipaka rangi kila asubuhi, na vumbi la mji likavipaka tena kabla hajafika getini. Kila mtu alimsalimu kwa salamu yake: kwa Waislamu salaam aleikum, kwa Waturkana wa kanisani habari, kwa bibi za Kiborana nagaa, nao walimcheka kwa jinsi alivyolitamka. Chaki alikuwa mchoyo nayo kupita kiasi. Aliikata vipande vitatu na kipande kilichobaki kidogo kama punje ya hindi alikishikilia kwa kucha. Lakini sukari ile, ambayo ilitoka kwao kwa gharama yake, aliigawa kwa kila aliyemshika kosa.

Neno "karibu" hakulitaka katika hesabu. Ukimwambia jibu lako ni karibu sawa, alisema, "Karibu sawa ni kosa lililonawa uso." Ngamia aliwaogopa kabisa. Akimwona ngamia barabarani alivuka upande wa pili, halafu aliingia darasani akatuchorea ngamia huyohuyo kwa nukta kumi na nne zilizounganishwa, mpaka na mdomo wake wa dharau.

Alikuwa amerudi kutoka kozi ya likizo na hesabu mpya ambazo walimu wenzake walisema ni mchezo wa watoto. Nukta, kwake, ilikuwa na kazi nne. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kioo. Alileta kioo cha pembeni cha lori bovu, akakisimamisha juu ya fimbo, kokoto ikawa mbele, na ile ya ndani ya kioo ikawa nyuma kwa umbali uleule. "Kioo hakidanganyi umbali," alituambia. "Kinadanganya mkono tu. Wa kulia kinauita wa kushoto." Kazi ya pili ilikuwa kuzunguka, na kwa hiyo alimfunga mbuzi wa hedimasta kwenye kigingi ili tuone duara la majani aliyokula. Mbuzi alikata kamba akala daftari la jirani yangu. Mwalimu akasema hiyo si kuzunguka, hiyo ni kufuta. Kazi ya tatu ilikuwa kukua, kila kitu mara mbili au mara tatu, na alituonya tusiipeleke sokoni.

Ya nne ilikuwa kuhama, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Kuhama ni hesabu ya watoto wa wafugaji, alisema, nyinyi mnaijua toka tumboni. Aliweka kijiti katikati ya miraba aliyoichora mchangani. "Hiki ni kipande cha mstari. Kina ncha mbili. Ukitaka kukihamisha, huna haja ya kuhangaika na urefu wote. Peleka ncha hii hatua tatu kulia na mbili juu. Peleka na ile vilevile. Katikati itakuja yenyewe." Halafu akapima kijiti mbele yetu, kabla na baada. "Mmeona? Kilichohama hakipungui. Urefu ni uleule, umbo ni lilelile."

Hilo nalo nimemchukia kwalo. Miaka hiyo ya vita vya shifta watu wetu wanaiita Daaba, kusimamishwa, kwa sababu walisimamishwa. Walitolewa malishoni wakatiwa ndani ya kambi za miba, mtu na mifugo yake mahali pamoja, na aliyekutwa nje alihesabiwa shifta, yaani mwasi. Niliwaona wakiletwa. Walihamisha wazee na watoto, ncha mbili, wakadhani katikati itakuja yenyewe. Ng'ombe walikula majani ya siku tatu yakaisha, wakaanza kula makuti ya vibanda. Mtu aliyekuwa akisimama wima nyuma ya mifugo yake alikaa chini mchana kutwa akichora udongo kwa kidole. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilijua tayari kwamba Mwalimu alikuwa amesema uongo. Kilichohama hupungua.

Baba yangu hakuingia kambini mapema. Mimi nilikaa mjini kwa shangazi yake, mzee mwenye duka dogo la chai na tumbaku, na baba alibaki na ngamia upande wa Kulamawe, katika mto mkavu ambao ukichimba mchanga mpaka kiunoni unapata maji. Nilipofika umri wa kutazamwa, kabla mambo hayajaharibika sana, alikuja kunichukua. Mwalimu akasikia. Akaja nyumbani kwa shangazi na sweta yake.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Umekuja kuchukua nini?"

"Sichukui kitu. Naomba tu mtoto amalize darasa la saba."

"Hii mtoto ni yangu, si ya chaki," baba alisema. "Wewe mtu ya mlima, watoto yako inalima shamba yako, mimi sikuja kuomba. Yangu inachunga."

"Mzee, huyu ananikosoa mimi mwalimu wake. Akienda kuchunga atakosoa nani? Mbuzi?"

Majirani walicheka, na kicheko ndicho kilichomuudhi baba. Alinyanyuka, akamwekea ncha ya fimbo kifuani, akamsukuma hadi nje ya ua, hatua kwa hatua, akisema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima kwamba mtu anayekimbia ngamia hawezi kumfundisha binti wa mwenye ngamia. Mwalimu alirudi kinyumenyume, akaanguka kwenye jiko la jirani, akaondoka na majivu mgongoni. Siku ya tatu baba alitulia, akampelekea kibuyu cha maziwa, akarudi malishoni bila mimi. Lakini mtaa ulikumbuka fimbo. Maziwa hakuna aliyeyakumbuka.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Mtu wa kwetu haulizwi mifugo yake ni mingapi wala inanywa maji wapi. Hata mgeni mwema akiuliza, unamjibu "huko" na unanyoosha kidevu. Mwalimu hakuujua mwiko huo, au aliujua akaona hesabu haiuhusu. Alibandika ukutani karatasi kubwa aliyoichora miraba kwa mkono wake, akasema mlingoti wa bendera ya shule ndio mahali fimbo zinapokatana, na mraba mmoja ni mwendo wa saa moja nyuma ya ngamia wenye mizigo. Kila mtoto aweke nukta mahali mifugo ya kwao inapokunywa maji. Na sisi, ambao tusingemwambia hata mjomba, tulimwambia. Tulikaa tukihesabu saa za kutembea, jua likiwa usoni au kisogoni, tukagombana, tukapatana. Nukta yangu ilikuwa tisa kulala, mbili kusimama. Niliipigia mstari kwa penseli nyekundu. Zikawa nukta thelathini na moja, na Mwalimu akasimama mbele yake mikono kiunoni, akasema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Machozi yalimlengalenga, mtu mzima.

Wiki chache baadaye afisa mmoja alikuja shuleni na askari wawili, kuangalia sijui nini. Aliiona karatasi. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kazi za watoto.

"Hii ni kazi nzuri sana," alisema. "Hizi nukta ni nini?"

Mtoto mmoja wa mbele, kwa furaha, akamwambia.

"Nzuri sana," alirudia. "Serikali inataka kuchimba visima. Hii itatusaidia. Mwalimu, nitaichukua."

Nilimwona Mwalimu akimeza mate. Alisema karatasi ile ni chafu, ina alama za vidole na imechanika pembeni, aachiwe hadi kesho awachoree iliyo safi. Afisa akakubali, akatupungia mkono. Sisi tulishangilia kwa sababu ya visima.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana Mwalimu alijifungia darasani. Alipotoka, karatasi mpya ilikuwa imekunjwa kama bomba na kufungwa kwa uzi. Ile ya zamani sikuiona tena ukutani. Landrova ilikuwa inasubiri kwenye ofisi ng'ambo ya uwanja. Alinipa karatasi, uso wake ukiwa na rangi ya majivu. "Monita, peleka. Usiifungue." Akashika tumbo akaelekea chooni.

Niliifungua. Nilisimama nyuma ya ua wa kayaba nikavuta uzi, kwa sababu nilitaka kuona kama ameiandika nukta yetu kwa nyekundu. Hakuiandika kwa nyekundu. Tena aliiweka pabaya: sita kulala, nne kusimama. Hapo hakuna maji. Hapo ni miamba mitupu, na kama kisima kingechimbwa hapo, ngamia wetu wasingekifikia. Nukta za wenzangu sikuzijua kwa kichwa, yangu niliijua. Nikasema moyoni, Mwalimu amekosea, tumbo limemchanganya. Nilikuwa na penseli na kifutio, kazi ya monita. Nikaifuta ile, nikaiweka tisa, mbili, nikaikoleza vizuri. Nilifunga uzi nikaipeleka, na njiani kurudi nilikuwa tayari nakisikia kipande cha sukari ulimini.

Sikumwambia siku hiyo, kwa kuwa alikwenda nyumbani mapema. Wala kesho yake, maana ilikuwa Jumamosi.

Askari walifika kwenye mto mkavu siku ya nne. Baba alikuwa ndani ya shimo la maji na kata mkononi, na hilo ndilo lililomponya. Waliwapiga risasi ngamia wakiwa wamejipanga kunywa. Alikuja mjini kwa miguu na kengele moja ya mti, ile ya ngamia jike kiongozi, ameishika ndani ya kiganja isilie. Aliiweka juu ya meza ya chai ya shangazi. Alisema, "Walikuja moja kwa moja. Hawakutafuta."

Akapelekwa kambini. Na mimi nikaolewa mwaka huohuo, humohumo kambini, na mwanamume aliyekuwa na ng'ombe watatu waliobaki hai. Sikumaliza darasa la saba.

Mifugo ya wale thelathini wengine iliponea wiki hiyo. Askari walizunguka wakirudi mikono mitupu. Baadaye wengi wao nao walisukumwa kambini na mifugo ikafia humo, kwa hiyo sidai kwamba walipata raha. Lakini wiki ile tulikuwa sisi tu, na mtaa ulijua sababu kabla ya baba kuketi. Ni ile fimbo kifuani. Mmeru amelipiza. Amewapa nukta ya huyu mzee, za wengine ameziharibu. Mwalimu mwenyewe hakuonekana tena. Wengine walisema amepandishwa cheo, amepewa shule kubwa huko kwao penye baridi. Shangazi alitema mate kila jina la wilaya yao lilipotajwa. Nami niliamini. Sikuwa nimemwona akimeza mate? Sikuwa nimeona uso wake wa majivu? Kosa nililolisahihisha sikulikumbuka hata kidogo kama jambo la maana. Nilichokumbuka ni kwamba yeye ndiye aliyeichora. Baba alikufa akimlaani, na mimi nilisema amina.

Nilimkuta mwishoni kwa bahati mbaya. Siku hizi nauza maziwa ya ngamia, wa watu, na nilikuwa nimepanda juu milimani kumtafuta mteja aliyenikimbia. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda cha miraa, na wazee wanne wakifunga mafungu kwa majani ya mgomba. Mmoja alikuwa na sweta ya kijivu, si ileile, lakini ndugu yake. Alifunga kwa mkono wa kushoto na meno. Wa kulia ulilala mapajani, vidole vimejikunja kama vya kuku aliyechinjwa.

Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu miaka hamsini.

"Salaam aleikum," alisema, kwa sababu ya shela yangu. Kisha akanitazama tena, akaacha jani likaanguka. "Monita?"

"Ndiyo mimi. Binti wa yule mzee aliyekusukuma kwa fimbo."

"Na akaniletea maziwa," alisema. "Kibuyu kizima. Nilikunywa siku mbili."

Hilo lilinitoa kwenye njia niliyopanga. Nikauliza tu, kwa sauti kubwa hadi wale wengine wakageuka, "Kwa nini sisi peke yetu?"

Hakujifanya hajaelewa. Aliomba mwenzake asogee, akanipa kigoda. Akaniambia kwamba mchana ule, ndani ya darasa, alizihamisha zote. Kushoto tatu, juu mbili, nukta moja baada ya nyingine, ili umbo la karatasi lionekane lilelile na mtu aliyeliona ukutani asishtuke. Ile ya kwanza akaitumbukiza chooni. Alijifanya anaumwa kwa sababu miguu ilikataa kuvuka uwanja. Askari walipokuta miamba na miba mara ya kwanza, ya pili, ya tano, walirudi kumchukua. Walimuuliza ni mkono gani anaochorea. Alipotoka ndani hakupewa shule yoyote tena.

"Nukta thelathini na moja," alisema. "Thelathini zilihama. Moja ikabaki palepale, tisa, mbili. Nimeipiga hiyo hesabu kila siku ya Mungu, Monita. Ninalala nayo, ninaamka nayo. Niliifikia ya kwenu nikiwa nimechoka? Niliiruka? Sita, nne. Naona kabisa mkono wangu ukiandika sita, nne. Halafu naambiwa walikwenda tisa, mbili. Baba yako aliangamizwa na uzembe wangu. Sikupata uso wa kuja kumwambia."

Magari yalikuwa yanapita na miraa yakipiga honi. Nilimtazama mkono, ule ulio hai, na ule mwingine. Nilisikia kifutio kikisugua karatasi nyuma ya ua wa kayaba.

"Wewe ndiye uliyekuwa unayaona makosa yangu," alisema. "Katika darasa lile lote, wewe. Niambie. Nilikosea wapi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa jepesi, namba mbili tu na jina langu. Aliketi mbele yangu mzee wa watu akiwa amenyoosha shingo, kama sisi tulivyomnyooshea yeye.

"Sijui, Mwalimu," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. "Ndiyo. Haijulikani." Akatia mkono wa kushoto mfukoni, akahangaika kidogo na kitambaa cha sweta, akatoa kipande cha sukari nguru kilichofungwa kwenye gazeti. "Basi chukua tu. Umetoka mbali."

Nilikichukua. Alikuwa ananitazama, kwa hiyo nilikila pale pale, chote.